Ushahidi wa Visiki

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtu aliyetaka kuonyesha kwamba wanavijiji wa kusini-magharibi mwa mji wa Babati hawafai kuachiwa msitu hakuwa na kazi ngumu. Angepanda vilima vya Duru na Haitemba, akakuta visiki vibichi, majivu ya matanuri ya mkaa, mashimo ya kupasulia magogo, na hapa na pale shamba jipya lililofyekwa katikati ya miyombo. Angerudi mjini na orodha ndefu, na hakuna mtu mwaminifu ambaye angeweza kumwambia kwamba amesema uongo. Msitu ulikuwa unakatwa kweli. Hata hivyo orodha ile haikuthibitisha jambo ambalo iliandikwa ili kulithibitisha. Na lililo gumu zaidi kulimeza, hasa kwa sisi tunaopenda jinsi mambo yalivyokwisha, ni kwamba upande wa pili uliposhinda miaka michache baadaye, nao ulishangilia kwa ushahidi wenye kasoro ileile, ila umegeuzwa upande. Historia ya Duru-Haitemba husimuliwa kama ushindi wa wananchi, na ni ushindi kweli. Lakini pia ni mojawapo ya mifano bora nchini ya kujiuliza dai lina haki ya kuaminiwa wakati gani.

Msitu wenyewe una takriban hekta 9,000 za miyombo, umekaa juu ya matuta na vilima, na vijiji vinane vimeuzunguka: Ayasanda, Bubu, Duru, Endagwe, Endanachan, Gidas, Hoshan na Riroda. Wakazi wake wengi ni Wagorowa na Wairaqw. Babati ilikuwa wilaya changa. Ilimegwa kutoka Hanang mwaka 1985, ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha, kwani Mkoa wa Manyara ulikuja kuundwa mwaka 2002. Ni katikati ya miaka hiyo ya 1980 ambapo wataalamu wa misitu walianza kupendekeza kwamba vilima hivyo vifanywe msitu wa hifadhi wa serikali. Sheria ya Misitu ya mwaka 1957 iliwapa njia: tangazo kwenye Gazeti la Serikali, mipaka ikapimwa, na kuanzia hapo kukata, kulisha au kulima humo bila kibali ni kosa. Miaka ya mwanzo ya 1990 wapimaji walifika, wakisaidiwa na fedha za Uswidi, wakaanza kufyeka mstari wa mpaka. Vijiji vikakataa. Mstari ule ulikuwa unapita kwenye malisho ya kiangazi, unatenga chemchemi, na sehemu nyingine unakaribia mashamba ya watu.

Ni rahisi kuwacheka maofisa wa wakati ule, lakini hoja yao haikuwa ya kijinga. Ilikwenda kwa hatua nne. Kwanza, msitu unaharibika. Pili, wanaouharibu ni watu wa vijiji vinavyouzunguka. Tatu, kwa hiyo vijiji haviwezi kuutunza. Nne, kwa hiyo serikali iutunze. Kila hatua inaegemea iliyotangulia, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu visiki vinathibitisha hatua ya kwanza tu. Kisiki hakina jina la aliyekata. Mbao zilizopasuliwa Duru zingeweza kuwa kazi ya kijana wa Duru, au ya mfanyabiashara kutoka mjini aliyemlipa kijana huyo, au ya mtu wa mbali mwenye leseni halali aliyoipata katika ofisi ya misitu ya wilaya. Tukikubali hata kwamba wakataji wengi walikuwa wenyeji, hatua ya tatu bado inaning'inia hewani. Kusema kijiji hakiwezi kutunza msitu ni kudai kwamba kijiji kilipewa msitu kikashindwa. Vijiji hivi havikuwa vimepewa. Kwa sheria, miti ile ilikuwa juu ya ardhi ya umma. Mwenyekiti wa kijiji hakuwa na mamlaka ya kumzuia mtu mwenye leseni, wala ya kumtoza faini asiye nayo. Kilichopimwa kwa visiki, basi, kilikuwa hali ya msitu usio na mwenyewe, halafu matokeo yakaandikwa kwenye jina la wanakijiji.

Kuna tatizo la ndani zaidi ya hilo. Liz Alden Wily, mtaalamu wa masuala ya umiliki wa ardhi aliyeshauri mradi wa Babati na ndiye aliyeandika zaidi kuhusu msitu huu, alieleza kwamba ukataji uliongezeka pale habari za hifadhi zilipoenea. Si vigumu kuelewa. Mtu akiambiwa kwamba mninga aliokuwa anauacha ukue kwa ajili ya mlango wa mwanawe utakuwa mali ya serikali mwakani, anaukata mwaka huu. Jirani yake akimwona, naye hangojei. Mpimaji anayefyeka mstari wa mpaka, bila kukusudia, anatangaza siku ya mwisho ya kuchukua. Ndipo anapoandika ripoti kwamba uharibifu umefikia hali ya kutisha, na ripoti hiyo inatumiwa kama sababu ya kuharakisha upimaji. Hapa kipimo kimekizalisha kile kinachokipima. Hakuna aliyedanganya, kila mtu ameona alichoona, na bado hitimisho halina miguu.

Je, ingewezekana kutofautisha? Ndiyo, na bila mitambo mikubwa. Kisiki kina umri. Kilichokatwa wiki chache zilizopita bado kina utomvu, na mbao zake ni nyeupe au nyekundu kulingana na mti. Cha mwaka mmoja kimekauka na kupasuka usoni. Cha miaka mitatu au minne kimeshaingiliwa na mchwa, na kama ni myombo, pembeni yake pameota machipukizi yanayomzidi mtu kimo, kwa maana miyombo huchipua upya kutoka kwenye shina na mizizi kwa nguvu ya ajabu. Mtu angetembea na daftari, akaandika visiki vibichi safu hii na vikuukuu safu ile, akalinganisha sehemu zilizo karibu na mstari mpya wa mpaka na zile zilizo mbali, angejua kama ukataji ulikuwa desturi ya miaka mingi au ulianza na wapimaji. Swali hilo la wakati ndilo lililokuwa na uzito, na jumla ya visiki haiwezi kulijibu hata ikiwa kubwa kiasi gani.

Kosa hili halikuzaliwa Babati. Mwaka 1996 James Fairhead na Melissa Leach walitoa kitabu kuhusu Kissidougou, nchini Guinea, ambako vijiji vimekaa katikati ya vichaka vya msitu vilivyozungukwa na mbuga ya nyasi. Kwa karibu miaka mia moja, maofisa waliosoma mandhari ile kwa macho waliona mabaki ya msitu mkubwa ulioteketezwa na wakulima. Watafiti hao wawili walipolinganisha picha za angani za mwaka 1952 na picha za satelaiti za karibuni, na kuwasikiliza wazee, waliona kinyume chake: watu walihamia mbugani, na vichaka viliota kwa sababu yao. Kwa jirani zetu wa Kenya, wilaya ya Machakos iliandikwa miaka ya 1930 kama nchi inayomomonyoka kwenda kwenye jangwa. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipoirudia katika kitabu chao cha mwaka 1994, wakaziweka picha za zamani kando ya picha mpya za vilima vilevile, walikuta matuta ya kilimo na miti mingi zaidi, ingawa idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano. Kitabu hicho kina wapinzani wake, hasa wanaosema kwamba fedha zilizotoka Nairobi ndizo zilizojenga matuta, si wingi wa watu. Wapinzani hao wana haki ya kusikilizwa, na nitawarudia kwa njia nyingine hapa chini. Lakini somo la picha mbili linabaki: hali ya leo, peke yake, haielezi ilikotoka.

Watu wa Babati walikuwa na mfano wa karibu zaidi kuliko Guinea. Kusini yao, Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo zaidi ya 80,000 iliondolewa katika eneo lililomomonyoka sana. Nyasi zilirudi, makorongo yakaanza kufunikwa, na wageni walipelekwa kuona. Kilichopona Kondoa kilipona kweli. Lakini ng'ombe waliotolewa hawakuyeyuka. Walikwenda kula kwingine, na kipimo kilichoishia kwenye mpaka wa mradi hakikuweza kuona huko kwingine. Kwa mfugaji wa Gidas au Endagwe, HADO ilikuwa na maana moja iliyo wazi, kwamba neno hifadhi likianza kutajwa huenda ng'ombe wakaambiwa waondoke. Hofu yao kwa wapimaji haikuwa ushamba. Ilikuwa ni kusoma ushahidi uliopo.

Mwaka 1994 mambo yaligeuka. Baada ya mabishano marefu, mamlaka za wilaya na mkoa zilikubali kusimamisha utangazaji wa hifadhi na kuviachia vijiji vijaribu. Kila kijiji kilichukua sehemu yake ya msitu, kikatembea mipaka na majirani zake, kikachagua kamati na walinzi kutoka miongoni mwa watu wake, kikaandika kanuni. Mwaka 1995 kanuni hizo zikageuzwa kuwa sheria ndogo zilizopitishwa na Halmashauri ya Wilaya ya Babati kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Kulima ndani ya msitu kukapigwa marufuku, na kuchoma mkaa pia. Kuni kavu, mizinga, uyoga na dawa zikaruhusiwa. Nguzo za kujengea zikahitaji kibali cha kamati. Mambo madogo yalikuwa na uzito mkubwa: mlinzi aliyemkamata mkataji alimjua kwa jina, alimjua na baba yake, na faini ililipwa kijijini.

Mwezi wa Desemba mwaka huohuo wa 1994, Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu ambayo haikuhusu msitu wowote, lakini inasaidia kutenganisha mambo mawili ambayo mjadala wa Duru ulikuwa umeyachanganya. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wakulima wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, wakati huo katika Wilaya ya Mbulu, walikuwa wamefungua kesi mwaka 1987 kudai ardhi yao ya kimila, wakashinda. Rufaa ikiwa haijasikilizwa, Bunge likatunga Sheria Namba 22 ya mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, ikazuia fidia, na kuzizima kesi za aina hiyo. Baba na mwana wakaipinga sheria yenyewe. Jaji Mkuu Francis Nyalali alieleza katika hukumu kwamba haki ya kutumia ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kufutwa bila fidia ya haki. Angalia mahakama haikuuliza nini. Haikuuliza kama Akonaay alikuwa mkulima hodari, kama alipanda kwa mistari, kama mavuno yake yalizidi ya aliyemnyang'anya. Uhalali wa dai lake ulitegemea namna alivyoipata ardhi na sheria inayomlinda.

Huko Duru, swali la nani ana haki na msitu lilikuwa limegeuzwa kuwa mtihani wa nani anautunza vizuri zaidi. Pande zote mbili ziliukubali mtihani huo. Serikali kwa sababu iliamini imeshinda tayari, vijiji kwa sababu havikupewa mlango mwingine. Nadhani ulikuwa mtihani usio wa haki kwa sababu moja ya wazi: ulikuwa na mtahiniwa mmoja tu. Juu ya mji wa Babati umesimama Mlima Kwaraa na msitu wa hifadhi wa Ufiome, ambao ni wa serikali. Hakuna aliyewahi kudai kwamba serikali ionyeshe kwanza kuwa hakuna kisiki kibichi Ufiome ndipo iruhusiwe kuendelea kuumiliki. Mtu anaweza kujibu, na jibu hilo ni zuri, kwamba Ufiome ni msitu wa mlimani, wenye ukungu na mvua zaidi, ambao mkaa wake haupatikani kirahisi kama wa miyombo. Kulinganisha misitu hiyo miwili hakusemi lolote kuhusu nani ni mtunzaji bora. Nakubaliana naye kabisa. Ila basi tukubali pia kwamba kulinganisha Duru isiyo na mwenyewe na hifadhi ya kubuni, iliyo kwenye karatasi tu na isiyokatwa hata mti mmoja, kulikuwa na upungufu mkubwa zaidi.

Sasa upande wa pili. Ndani ya miaka michache, ripoti zilianza kusema kwamba mashamba mapya msituni yamekoma, wachoma mkaa wameondoka, nyuki wamerudi. Habari ilisafiri haraka. Mgori, Singida, ikafuata njia hiyo. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 ikaupa usimamizi wa jamii nafasi rasmi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikauwekea msingi, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikatambua misitu ya hifadhi ya vijiji. Kufikia mwaka 2008, kwa hesabu za wizara, misitu iliyokuwa katika aina mbalimbali za usimamizi shirikishi ilizidi hekta milioni 4. Katika safari hiyo yote, Duru-Haitemba ilitajwa semina baada ya semina kama uthibitisho. Msitu mmoja wa hekta 9,000 ulibebeshwa nchi nzima.

Tuuweke uthibitisho huo mezani kwa ukali uleule tuliotumia kwa visiki. Msitu haukupimwa kwa makini kabla ya vijiji kuupokea, kwa hiyo "umepona" ililinganishwa na kumbukumbu ya hali mbaya. Tena kumbukumbu ya wakati mbaya kuliko yote, pale watu walipokuwa wanakimbilia kukata kabla ya mpaka. Mgonjwa anayekwenda kwa mganga siku homa imepanda kabisa, keshoye atakuwa na nafuu hata kama alipewa maji matupu. Msitu uliopimwa siku ya kinyang'anyiro utaonekana bora baadaye hata kama mlinzi analala. Pili, Duru haikuchaguliwa kwa kura. Ilipata msitu kwa sababu watu wake walijipanga na kubisha, na watu wanaoweza kuisimamisha serikali pengine wanaweza pia kumsimamisha mchoma mkaa. Kijiji kilichoganda, kikikabidhiwa msitu kwa barua kutoka wilayani, ni mnyama mwingine. Tatu, mkaa. Mji uliendelea kupika. Kama tanuri lilihama kutoka Riroda likaenda kilima kisichokuwa na kamati, basi hekta 9,000 zimepona na wilaya haijapata kitu, kama ng'ombe wa Kondoa. Mwaka 2009 Jens Friis Lund na wenzake Balooni na Casse walichapisha uchambuzi wa tafiti zilizodai kwamba ushirikishwaji wa wananchi umeboresha misitu sehemu mbalimbali za dunia. Malalamiko yao makuu yalikuwa haya haya: tafiti nyingi hazikuwa na hali ya mwanzo iliyopimwa, wala msitu wa kulinganisha unaofanana, wala hazikujali sababu nyingine ambazo zingeweza kuleta mabadiliko yale.

Hapa msomaji anayependa vijiji atakasirika, na ana hoja tatu ambazo hazistahili kupitwa haraka. Ya kwanza ni kwamba kwa vipimo vya aina hii hakuna kitakachothibitishwa duniani, na wakati tunangoja msitu unakwisha. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo si kweli. Dai halihitaji kuwa kamilifu ili liaminiwe zaidi ya jingine. Linahitaji kuwa limekutana na maelezo pinzani na kubaki limesimama. Tulichukue dai la Duru. Je, ukataji ulipungua kwa sababu mahitaji ya mkaa yalipungua? Hapana: Babati ilikua, na ilipofanywa makao makuu ya mkoa mwaka 2002 ikazidi kukua, nyumba na migahawa ikaongezeka. Je, ni kwa sababu watu wa vijijini walipungua? Nao waliongezeka. Shinikizo limepanda, na kufyeka mashamba mapya kumesimama. Maelezo mawili makubwa ya upinzani yameanguka, na dai la ulinzi wa vijiji limepata nguvu ambayo halikuwa nayo mwanzo. Maelezo ya kinyang'anyiro hayajaanguka kiasi hicho. Yanaweza kueleza nafuu ya mwaka wa kwanza na wa pili, lakini yanazidi kudhoofika kadiri miaka inavyopita na mashamba hayarudi. Hivyo ndivyo ushahidi unavyopandishwa daraja, hatua kwa hatua, kwa kuwapa wapinzani nafasi ya kwanza. Na si ajabu kwamba ndivyo pia mjadala wa Machakos unavyopaswa kusomwa: anayesema ni fedha za Nairobi haharibu utafiti, anaonyesha mahali pa kupima tena.

Hoja ya pili ni kwamba wanavijiji hawahitaji kuambiwa na mtu wa Chuo Kikuu kama msitu umepona; wanaishi nao. Mama anayekwenda kutafuta kuni anajua anatembea umbali gani, mrina asali anajua mizinga mingapi imeingiwa, mchungaji anajua chemchemi gani ilikauka mwezi wa Septemba. Hili ni kweli, na nadhani vipimo hivyo vinapuuzwa bure. Mrina asali akisema nyuki wamerudi, anapima kitu ambacho hesabu ya shina haioni kabisa, yaani maua. Lakini kujua kwa kuishi kuna mwelekeo wake. Anayelinda msitu ana sababu ya kuona umepona, kama ambavyo ofisa wa misitu alikuwa na sababu ya kuona umeharibika. Na mama anaweza kutembea mwendo mfupi kwa sababu kuni zimeongezeka, au kwa sababu siku hizi ananunua mkaa. Ushahidi wa mkazi unafaa pale unapopangwa hivi kwamba ungeweza kutoa jibu asilolipenda. Mizinga iliyohesabiwa kila mwaka, ikaandikwa hata ule mwaka iliyobaki mitupu, ni ushahidi. Kumbukumbu ya mwaka mzuri ni simulizi.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kwa nini wanavijiji wathibitishe chochote? Kama haki yao juu ya ardhi ni mali, kama Nyalali alivyosema juu ya haki za kimila, basi wao si watahiniwa. Nakubali, na ningependa vijiji vingekuwa vimepewa msitu wao kwa hoja hiyo tangu mwanzo. Historia haikwenda hivyo, na matokeo yake bado yanatusumbua. Haki iliyokabidhiwa kama zawadi ya matokeo mazuri inaweza kunyang'anywa yakija matokeo mabaya, na matokeo mabaya ya miaka miwili mitatu msituni huletwa na ukame au moto kama yanavyoletwa na kamati mbovu. Kwa hiyo kuna sababu mbili za kuyatenganisha maswali haya. Dai la haki likisimama kwenye sheria halitetemeki kila visiki vinapohesabiwa. Na dai la utunzaji, likiwa limepunguziwa mzigo wa haki, linaweza kupimwa kwa utulivu bila mtu kuogopa kwamba jibu litamgharimu malisho.

Kupima kwenyewe hakuna siri. Weka alama ya kudumu, chora mduara wenye nusu kipenyo cha mita 15, pima unene wa kila mti kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, andika jina la mti, hesabu visiki kwa umri, halafu rudi mahali palepale baada ya miaka mitano. Mtu aliyemaliza darasa la saba anajifunza kazi hii kwa siku chache. Kuwa na vijiji vinane ni bahati ambayo wachache wameitazama ipasavyo. Mvua ni karibu ileile, miti ileile, soko lilelile la Babati, lakini kamati nane, makundi manane ya walinzi, na utekelezaji wa sheria ndogo unaotofautiana. Maduara kumi kwa kila kijiji yangeeleza kuhusu faini na ulinzi mambo ambayo kulinganisha Duru na Singida hakutayaeleza kamwe. Tena tofauti ya kijiji na kijiji haiathiriwi na ile homa ya mwanzo, kwani wote waliugua pamoja.

Hata hali ya mwanzo ambayo haikupimwa haijapotea yote. Satelaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 kumbukumbu hizo zinapatikana bure. Mashamba yaliyofyekwa katika vilima vya Duru kabla ya mwaka 1994, kama yalikuwa makubwa, yanaweza kutafutwa humo, na sehemu zilizokuwa karibu na mstari wa mpaka zikalinganishwa na zile za mbali. Kuna tahadhari moja tu ambayo mwenyeji ataijua kabla ya mtaalamu. Miyombo hupukutisha majani mwishoni mwa kiangazi, na huchipusha majani mapya mekundu hata kabla mvua haijanyesha. Picha ya Septemba mwaka 1990 ikiwekwa kando ya picha ya Aprili mwaka 2000 itaonyesha msitu uliofufuka kutoka kwa wafu, na mpangilio ukigeuzwa itaonyesha maangamizi, bila mti hata mmoja kukatwa wala kupandwa. Lazima picha zote mbili ziwe za mwezi mmoja, na ikiwezekana za miaka yenye mvua inayokaribiana. Na hata hapo zitaonyesha mashamba na mapengo makubwa, lakini si mninga mmoja uliochukuliwa usiku. Kwa huo, bado inabidi mtu apande kilima na daftari.